Tazama Huku

Jina la boksi lilitokea kwenye kioo cha kompyuta kabla Shamsudin hajachomeka waya wowote.

Hilo lingetosha. Mtu mwenye akili zake angeliona lile MATANO VIDEO linang'aa pale kiooni, akatazama chini, akaona boksi lenyewe bado limelala sakafuni limefungwa kanga ya marehemu mama yake, akasema audhubillahi, akalirudisha stoo na kwenda zake kunywa chai. Lakini Shamsudin si alisomea kompyuta Iringa? Msomi hashtuki ovyo. Alijiambia labda kompyuta ina kumbukumbu za zamani. Kumbukumbu gani, na kompyuta yenyewe imenunuliwa juzi, hata nailoni ya kiwandani haijabanduliwa kiooni!

Nyumba yao iko Sokomatola, hapa Mbeya. Mbele studio, nyuma makazi, katikati pazia tu. Aliyeifungua ni baba yake, Mzee Matano, mtu wa asili ya Tanga aliyeletwa huku baridini na biashara, na kwa miaka mingi hapakuwa na harusi, maulidi wala kipaimara mjini ambayo hakuipiga video. Tuliomjua tunakumbuka wimbo wake. Bibi harusi akiinamisha kichwa, watoto wakizubaa, wazee wakisinzia, Mzee Matano anapunga mkono nyuma ya kamera na kuimba, "Huku, tazama huku, tazama huku!" Na wewe uwe na msiba gani moyoni, utageuka.

Kazi zake zote alizihifadhi kwenye lile boksi. Ni boksi la chuma, kubwa kiasi cha mikate miwili iliyosimamishwa, lina diski ndani, na kompyuta zote za studio zilikuwa zinalisoma kwa kupitia waya wa netiweki. Siku moja, miaka mingi kabla hajafa, mzee alilizima, akalifunga kwenye kanga ya mkewe, akalitia stoo. "Lisiwashwe," alimwambia Shamsudin. "Wala lisivunjwe. Umenisikia, mwanangu?" Shamsudin akaitikia ndiyo baba. Alidhani mzee analinda siri za harusi za watu.

Mzee akafa. Ramadhani hii mama naye, Bi Mwanakhamisi, akamfuata. Ndipo Nasrin, dada mdogo wa Shamsudin aliyeolewa Iringa, akaanza kulia kwenye simu kila siku.

"Kaka, sina hata sauti yake. Simu yangu iliibwa stendi na kila kitu kilichokuwamo. Hii mimba ni kubwa sasa, nikijifungua nitamsikilizisha nini mwanangu? Baba alimpiga mama video miaka yote, zimo kwenye boksi. Nataka sauti ya mama tu, kaka. Nakuomba kwa Mungu."

Ungekuwa wewe ungekataa?

Basi Shamsudin aliifungua ile kanga, akachomeka umeme, akachomeka waya wa netiweki. Feni ikakohoa vumbi. Diski ikaanza kugonga: tak. Kimya. Tak, tak. Akabonyeza lile jina kiooni, kompyuta ikakataa. Ikaandika kwamba kifaa hiki kinatumia njia ya mawasiliano iliyopitwa na wakati, si salama, inaweza kuingiza mashambulizi. Akajaribu tena, ikakataa tena. Mashine isiyo na dini wala kabila ilimwonya kijana wa watu kwa maandishi, na yeye akaona inamchelewesha. Akampigia Ombeni.

Ombeni ni rafiki yake tangu utoto, fundi wa kompyuta pale Kabwe, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwenye mdomo wa kuwatosha watu wawili. Alikuja mchana uleule, ukungu unashuka kutoka mlima Loleza, akakaa, akacheka.

"Kaka, hili boksi lako ni kikongwe. Linaongea lugha ya zamani, na kompyuta za siku hizi zimekatazwa kuiitika, maana waharibifu walikuwa wanaingilia humohumo. Halafu halina hata nenosiri, linataka mtu apite hivihivi kama mgeni. Naiwasha ile lugha, naruhusu wageni, tunachukua video zetu, nafunga mlango. Fasta."

Ruwaida, mke wa Shamsudin, alikuwa amesimama penye pazia na sahani ya mchele anaochambua. "Na kama wameikataza kwa sababu?"

"Shemeji, sababu ni virusi. Hakuna jini wa kompyuta."

"Mimi sijataja jini," Ruwaida akasema.

Ombeni akacheka tena, lakini kidogo. Akaiwasha lugha ya zamani, akaruhusu wageni, kompyuta ikajizima na kuwaka. Na sasa boksi likafunguka lote, mafolda yamejipanga: harusi, harusi, maulidi, send-off, kipaimara, harusi. Chini kabisa folda moja, jina lake MAMA. Ndani yake faili moja tu.

"Ndiyo hiyo," Shamsudin akasema, macho yameshaanza kumlowa. "Mungu amrehemu baba."

Akaifungua.

Kilikuwa chumba chao cha nyuma, kilekile, na rangi yake ya zamani. Bi Mwanakhamisi amelala kwenye mkeka, wanawake watatu wamemshika mikono na miguu, mate yanamtoka. Mbele yake sheikh mmoja mwembamba anamsomea. Shamsudin aliganda. Hakujua. Alikuwa masomoni Iringa wakati huo, na nyumbani hakuna aliyemwambia kwamba mama yake amekaliwa, kwamba mama yake mzazi amekuwa kiti, maana hivyo ndivyo anavyoitwa mtu ambaye jini amemfanya makao.

"Utatoka?" sheikh aliuliza kwenye video.

"Nitatoka." Sauti nene, ya kiume, kutoka kinywani mwa mama.

"Utatokea wapi? Si jichoni. Si tumboni."

"Kidoleni. Mguu wa kushoto."

"Unaapa hutarudi kwa Mwanakhamisi binti Rajabu?"

"Naapa."

"Na unakwenda wapi? Nakupeleka jangwani, nakupeleka kusikokaa watu, nakupeleka..."

Hapo mama aliinamisha kichwa, uso ukaangalia mkeka. Na Mzee Matano, Mungu amsamehe, kwa mazoea tu, mazoea ya kazi, mtu aliyeinamishiwa vichwa na mabibi harusi maisha yake yote, akaimba kutoka nyuma ya kamera, "Huku, tazama huku, tazama huku!"

Mama akageuka.

"Matano, zima!" sheikh alipiga kelele. "Zima hiyo!"

Bi Mwanakhamisi akaanguka kando, akalala kwenye mkeka, kidole gumba cha mguu kinamtoka damu, anapumua vizuri kabisa. Mwili wake wote ulionekana pale chini. Lakini uso ulibaki. Uso ulibaki mbele ya kamera, umejaa kiooni, hauna shingo wala mabega nyuma yake, umetabasamu.

"Mwe bandu," Ombeni akanong'ona kwa Kinyakyusa, yaani jamani. Cheko lilikuwa limemkauka.

Ule mstari wa chini unaoonyesha video imefika wapi ulikuwa umefika mwisho. Saa ya video ikaendelea kuhesabu. Uso ukapepesa macho. Na diski ndani ya boksi haikugonga tena mojamoja, iligonga mfululizo, tak tak tak tak, kama mgongo wa kidole juu ya mlango wa chuma, na studio nzima ikaanza kunuka nywele zilizoungua zilizomwagiwa marashi ya waridi.

"Funga," Shamsudin alisema kwa sauti ndogo. "Ombeni, funga."

"Haifungiki, kaka. Kipanya kimegoma."

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Alikuwa binti yao, wa darasa la kwanza, na sweta lake la shule na soksi zilizojaa tope. Huyu mtoto alizaliwa bibi yake akiwa hai, wakampa jina la bibi yake, Mwanakhamisi. Nyumbani anaitwa Mwana, ila baba yake, kwa heshima ya jina lile, humwita Mama, kama watu wote wanavyowaita watoto waliobeba majina ya wazazi wao.

"Mama, umerudi?" Shamsudin alisema, kabla hajawaza.

Macho ya kiooni yakamwacha Shamsudin. Yakahama polepole mpaka kwa mtoto.

Mwana hakupiga kelele. Mkoba ulimtoka begani, kichwa kikamrudi nyuma, na alipokinyanyua yule mtoto hakuwamo tena. Ombeni, kwa haki yake niseme, hakukimbia. Alijitupa chini ya meza akang'oa waya wa umeme wa boksi, feni ikafa, taa ikafa, na alipoinuka anahema, anataka kusema tayari, Mwana alikuwa ameshika stendi ya taa za harusi, lile dude la chuma ambalo vijana wawili hulibeba wakilalamika, amelishika kwa mkono mmoja kama fimbo ya kuchungia mbuzi, akampiga nalo usoni. Taya la Ombeni lilivunjika kwa mlio uliosikika mpaka kwa muuza viatu ng'ambo ya barabara, meno yakatawanyika kwenye vigae, na kabla mwili wake haujafika chini akapigwa mara ya pili begani, akarushwa juu ya kabati la kioo lenye albamu za watu, kabati na yeye wakaporomoka pamoja.

"Mwana! Mwanangu!" Shamsudin akamkumbatia kwa nyuma. Vidole vidogo vikatafuta mkono wake, vikachagua kidole kimoja, vikakikunja kinyumenyume taratibu, bila haraka, mpaka kikalia kach. Akamtupa ukutani.

"Mlinifungia kwenye baridi," ile sauti nene ikasema kutoka kinywani mwa mtoto asiyefika kiunoni mwa mtu. "Baridi na giza, na harusi za watu zinapigiwa vigelegele kila upande. Nipeni kiti changu."

"Uliapa!" Shamsudin alilia kutoka chini. "Nimekusikia ukiapa!"

"Niliapa kwa yule mkongwe. Huyu sikumwapia."

Na ili waelewe kwamba sasa ni mali yake, akauchukua mkono wa kulia wa Mwana, akaupeleka nyuma ya mgongo, akaupandisha, akaupandisha tena pale ambapo mkono wa binadamu haufiki, na kwa sekunde moja uso wa mtoto ukarudi, wenyewe, macho yametoka, "Mama!" akapiga yowe, kisha ukazama tena. Alifanya makusudi. Alitaka Ruwaida amwone.

Ruwaida alidondosha sahani ya mchele. Huyu ni mwanamke mwembamba, mtu wa haya, sijawahi kumsikia akipandisha sauti hata sokoni. Alijirusha na mwili wake wote juu ya mwanawe, akamlalia, akang'atwa begani mpaka nyama ikaachana, akapigwa ngumi za mbavu, hakumwachia, anapiga kelele tu, "Shamsu, leta kanga! Leta kanga zote!" Wakamfunga kwa kanga za marehemu bibi yake kwenye kitanda cha chumba kilekile cha nyuma, na kitanda kikawa kinatembea.

Majirani wakampeleka Ombeni hospitali. Shamsudin, kidole kinaning'inia, alimtafuta yule sheikh kwa watu wa msikitini mpaka akampata kwenye simu. Yuko hai, amezeeka, siku hizi analima mpunga Rujewa.

Sheikh alisikiliza yote. Kisha akasema neno moja tu kuhusu marehemu. "Nilimwambia Matano atoe mashine yake. Akaniambia ni kumbukumbu ya familia." Akakohoa. "Sikiliza. Toeni kila chenye jicho humo ndani. Kamera, simu, televisheni. Jini aliyekwisha kuonja jicho la mashine hataki njia nyingine. Ila ile kompyuta mliyomfungulia iacheni, na aliyeifungua awepo, ndiye atakayefunga. Na boksi msilivunje! Chungu ukikivunja, kilichomo kinamwagika."

"Mtoto wangu je, sheikh?"

"Mama yako alikuwa mtu mzima, alimbeba miezi. Huyo mwili wake mdogo. Mkimwacha naye mpaka kesho jioni, atamvunja."

Usiku ule sitausimulia. Waliokesha wanaujua, na mtaa mzima uliusikia.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba taa za magari zilionekana kama mishumaa. Sheikh aliteremka garini na viatu vyake vya mpira vyenye tope la jaruba, na kimfuko cha kitambaa. Ombeni alishafika, taya limefungwa kwa bandeji mpaka kichwani, haongei, amekuja mwenyewe akiwa ametoroka wodini. Wakaiweka kompyuta na boksi chumbani kwa Mwana. Simu zote zikakusanywa kwenye ndoo, ikafunikwa, ikapelekwa kwa jirani. Vioo vyote vikafunikwa mashuka.

Simu zote zilitoka isipokuwa moja. Ruwaida alikuwa ameifunga yake kwenye pindo la kanga, kiunoni, kama kawaida yake ya kila siku. Nasrin alikuwa amempigia tangu jana bila kupumzika, amesikia kwamba Mwana anaumwa, na Ruwaida hakuwa na moyo wa kumwambia, akaiondoa sauti, akaifunga pindoni, akaisahau. Mimi simlaumu. Mama aliyekesha akishikilia viungo vya mwanawe visivunjike, mtamdai akumbuke simu?

"Nitamrudisha alikotoka," sheikh alinong'ona. "Apitie humo kwenye kompyuta, aingie boksini. Nikikunja ngumi, wewe fundi ifunge ile lugha ya zamani, ukate na waya. Mengine niachie, nitalitia kwenye zege nilizike." Ombeni akaitikia kwa kichwa. Akashika kipanya.

Boksi likawashwa. Tak, likasema. Kitandani Mwana akafumbua macho, midomo imepasuka, mkono wa kulia umevimba mpaka kiwiko hakionekani.

"Umezeeka," akamwambia sheikh.

"Na wewe umenenepa kwa damu ya watoto," sheikh akajibu, akaanza kusoma.

Mwanzo kitanda kilitikisika tu. Kisha chaga ya kwanza ikakatika, ya pili ikakatika, kanga moja ikachanika kwa mlio mrefu, na mkono uliotoka pale ukamkamata sheikh ndevu ukamvuta mpaka kipaji chake kikagonga chuma cha kitanda, damu ikamfunika jicho, naye akaendelea kusoma na damu inamwingia mdomoni, akapigwa teke la kifua lililomrusha mpaka mlangoni, wote wakasikia mbavu, naye akarudi kwa magoti, anasoma, Shamsudin ameshika miguu, Ruwaida amelalia kifua, harufu ya nywele zinazoungua imekuwa nzito mpaka Ombeni anatapika ndani ya bandeji yake, na mtoto anacheka kwa sauti ya kiume huku kwa macho analia, na mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukaanza kupanda nyuma ya mgongo, kama jana, unapanda, mfupa unaanza kusema, na Ruwaida akapiga kelele, "Nivunje mimi! Nivunje mimi, mwache!" na sheikh akamshika mtoto kisigino cha kushoto kwa mikono miwili, akasoma karibu kabisa na unyayo, kwa nguvu zake zote zilizobaki, mpaka ile sauti nene ikaacha kucheka.

"Natoka," ikasema.

"Wapi?"

"Kidoleni."

"Unaapa hutarudi kwa Mwanakhamisi binti Shamsudin?"

Boksi likagonga. "Naapa."

"Unakwenda wapi? Nakurudisha ulikotoka. Pale." Sheikh akaelekeza kidole kwenye kompyuta, na mkono wake mwingine akauinua juu, wazi, tayari kuukunja ngumi.

Kichwa cha Mwana kikaanza kugeukia kwenye kompyuta, polepole, kinapinga, kinaburutwa. Kilibaki kidogo tu. Ruwaida akajisogeza apishe, na pindo la kanga lililolegea kwa purukushani za usiku kucha likafunguka. Simu ikaangukia godoroni, kioo juu, inaita kwa video bila sauti. Mkono wa mtoto uliolowa damu ukaishukia, ukaipokea.

"Haya jamani, wifi!" Sauti ya Nasrin ikajaa chumbani, changamfu, ya mtu aliyetoka kulia. "Tangu jana sipokelewi! Mbona naona dari tu? Mwana yuko wapi, mgonjwa wangu? Ebu nimwone." Na kwa sababu alikuwa mtoto wa Matano, aliyekulia nyuma ya kamera ya baba yake, akaimba vilevile alivyoimba baba yake. "Huku, tazama huku, tazama huku!"

Mwana akageuka.

Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kushoto ukang'oka wenyewe, ukaruka mpaka kwenye pazia. Sheikh akakunja ngumi. Ombeni akabonyeza, akang'oa waya. Mtoto akaanguka juu ya mama yake mzima mzima, akaanza kulia kilio chembamba, chake mwenyewe.

"Mama, naumwa. Mama, nasikia baridi."

Ee Mwenyezi Mungu! Ruwaida alimkumbatia akawa anambusu popote, damu na machozi na kamasi. Shamsudin alianguka kifudifudi akasujudu. Hata Ombeni, na taya lake, alitoa mlio uliokuwa kicheko. Mtoto amerudi. Walichokuwa wanakitaka ni hicho tu, na walipewa.

Sheikh peke yake hakufurahi. Alisogea kwa kushika mbavu, akainama juu ya boksi akalinusa. Halikunuka kitu. Akaligonga kwa kidole. Halikujibu.

"Nani ameongea?" akauliza polepole. "Ile sauti ya mwanamke. Ilitoka wapi?"

Wote wakatazama godoroni.

Nasrin alikuwa kiooni, Iringa, sebuleni kwake, ametabasamu. Hakutikisika. Shamsudin akasema ni netiweki, imeganda. Lakini nyuma ya Nasrin pazia la dirisha lilikuwa linapepea, na saa ya ukutani mshale wake ulikuwa unatembea. Kisha mumewe, Idrisa, akaingia na kikombe cha chai. "Unaongea na nani, mke wangu? Mbona pananuka? Nini kinaungua humu?" Akamwekea mkono begani.

Nasrin hakugeuza kichwa wala hakuacha kutabasamu. Mkono wake ulirudi nyuma peke yake, ukamshika Idrisa koo, ukampiga kichwa kwenye kona ya meza, ukamnyanyua, ukampiga tena, na tena, huku macho yake yametulia juu ya kaka yake, mpaka kikombe kilipoacha kubiringika sakafuni na Idrisa naye akanyamaza.

"Kata simu," sheikh alisema. "Shamsudin, kata!"

Shamsudin aliishika simu kwa ule mkono mbovu. Hakuweza kukata. Maana kilichotoka kwenye simu safari hii haikuwa ile sauti nene. Ilikuwa sauti ya mama yao, ileile ambayo Nasrin aliililia, na upole wake wote, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi. Nasrin akaushusha mkono wenye damu taratibu, akaulaza juu ya tumbo lake kubwa, akalipapasa.

"Shamsu, mwanangu," mama akasema. "Msihangaike tena na huyo mtoto. Huku nimepata viti viwili."